Msikilize Aliyekaa Nyuma

Kibanda changu cha ufundi kiko Kirumba, si mbali na Mwaloni, kwa hiyo redio nyingi zinazoletwa kwangu zinanuka dagaa kabla hata sijazifungua. Natengeneza amplifaya, sabufa, spika za makanisa, na deki za kaseti za wazee wachache ambao bado wanazo. Zamani nilipiga tumba kwenye bendi ya hoteli moja hapa Mwanza, enzi ambazo hoteli zilikuwa na bendi. Mwalimu wa muziki sijawahi kuwa. Nimekaa na muziki mmoja muda mrefu, basi, na kuna mtu aliniuliza swali.

Huyo mtu ni mpwa wangu. Ana miaka 21, anapiga gitaa la solo kanisani kwao Nyakato, na vidole vyake ni vyepesi. Mwaka jana nilimpa flashi yenye albamu ninayoipenda kuliko zote, Spectrum ya mpiga drams Billy Cobham, jazi iliyochanganywa na roki. Alikaa nayo siku mbili, akaja kibandani kuirudisha.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Umeionaje?"

"Mjomba, wale jamaa wanaanza kuimba saa ngapi?"

Nilicheka mpaka bisibisi ikanidondoka. Halafu nikaona swali lake ni la haki kabisa. Kwetu neno jazi limekulia nyumba nyingine. Tulikuwa na Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, na zote zilikuwa bendi za dansi: kuna beti, kuna kiitikio, watu wako uwanjani, na mwishoni linakuja chemko, gitaa la solo linaachiwa nafasi na tumba zinapanda. Mtu aliyelelewa na muziki huo akifungua Spectrum anamsubiri mwimbaji. Hatakuja. Ni dakika kama 37, hakuna anayeimba. Ukikaa kumsubiri, albamu nzima utaisikia kama utangulizi wa wimbo ambao haujaanza.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuchagua utamfuata nani. Mpwa wangu, kwa kuwa ni mpiga gitaa, alimfuata mpiga gitaa, na hapo ndipo alipopotea. Nenda Mwaloni alfajiri, boti za dagaa zikiwa zinaingia kutoka visiwani. Mbele amesimama kijana mwenye kamba mkononi, anapaza sauti, anaelekeza, ukimtazama utadhani boti ni mali ya baba yake. Aliyeshika injini amekaa nyuma kabisa, kajikunyata ndani ya koti, haongei na mtu, na boti inakwenda anakotaka yeye. Albamu hii iko hivyo. Gitaa limesimama mbele na kamba. Cobham yuko nyuma na injini.

Nikupe historia kidogo, maana inasaidia masikio. Cobham alizaliwa Panama mwaka 1944, akakulia New York, akapitia bendi ya jeshi la Marekani, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 70 alikuwa anapiga drams kwenye Mahavishnu Orchestra, bendi ya mpiga gitaa John McLaughlin. Mle alikuwa mpigaji wa bendi ya mtu mwingine. Mei 1973 akaingia studio ya Electric Lady, New York, kurekodi albamu ya kwanza kwa jina lake mwenyewe, nayo ikatoka mwaka huohuo. Kinanda alimpa Jan Hammer, mzaliwa wa Prague, mwenzake wa Mahavishnu. Besi akampa Lee Sklar, mtu aliyezoea kupiga nyuma ya waimbaji kama James Taylor. Na gitaa la umeme, badala ya kutafuta mzee wa jazi aliyekomaa, akampa kijana wa roki, Tommy Bolin, aliyekuwa na miaka 21.

Nilipomtajia mpwa wangu umri huo alinyamaza, akaninyang'anya flashi.

Sasa vifaa. Tafadhali usiisikilize albamu hii kwa spika ya simu. Sisemi kwa maringo ya fundi. Waya mnene kuliko zote kwenye gitaa la besi ukiachwa wazi unatetema mara 41 kwa sekunde, na spika ya simu, iliyo ndogo kama kifungo cha koti, haina ubavu wa kusukuma hewa taratibu kiasi hicho. Kitakachobaki ni matoazi na gitaa. Yaani utamsikia kijana mwenye kamba, injini usiisikie kabisa. Hedifoni za waya, zile kubwa zinazofunika sikio, zinatosha. Zangu nilizipata Mlango Mmoja kwa shilingi 15,000, upande mmoja umekufa, nikauchomelea waya upya na risasi kidogo. Mpaka leo zinapiga.

Ukiwa na spika mbili, kagua waya kabla ya kuwalaumu wanamuziki. Spika moja ikifungwa chanya kwenye hasi, inavuta hewa wakati mwenzake inasukuma, na sauti nzito zinauana katikati ya chumba. Matoazi utayasikia vizuri tu, ndiyo maana wengi hawagundui. Namna ya kupima ni hii: chomoa spika kwenye amplifaya, chukua betri ya tochi ya volti 1.5, gusisha waya zake kwenye spika kwa sekunde moja. Koni ikiruka kuja nje, waya ulio kwenye chanya ya betri ndio chanya ya spika. Ikizama ndani, geuza. Weka alama kwa kalamu, fanya hivyo na ya pili, ndipo ufunge.

Najua hili kwa aibu. Mimi mwenyewe, fundi wa watu, niliishi miezi kadhaa Igogo na waya uliogeuzwa nyumbani kwangu, nikimwambia kila mtu kwamba Sklar ni mpiga besi mzuri lakini mwoga mwoga.

Na ukiipata albamu kwenye mtandao, tafuta faili lenye uzito. Lile lililobanwa hadi kilobiti 64 kwa sekunde linaanza kuua matoazi: badala ya shaba inayolia na kufifia, unasikia kitu kama maji yanayomwagwa kwenye beseni. Muziki wa mtu anayeongoza kwa drams ukishafanywa hivyo umekatwa mkono.

Kuhusu saa ya kusikiliza, usiku baada ya saa nne, daladala zikiwa zimepungua. Sisi wa Igogo nyumba zetu zimepangana juu ya mawe, wa juu anaishi kwenye paa la wa chini, na sauti ya kiki, ile ngoma kubwa ya drams inayopigwa kwa mguu, inapita kwenye jiwe kama mwizi. Jirani yangu wa juu hunigongea bati mara mbili. Mara ya kwanza ni onyo. Kwa hiyo hedifoni. Mvua ikinyesha ahirisha, bati halishindani na mtu likashindwa.

Kabla sijafika kwenye nyimbo zenyewe, lazima nilizungumzie gitaa, maana litakushtua. Siku moja mteja alikuja kuchukua sabufa yake. Nilikuwa nimemaliza kubadilisha koni, naijaribu kwa Quadrant 4, wimbo wa kwanza wa albamu. Akasimama mlangoni, akainamisha kichwa kama anayesikiliza mgonjwa.

"Fundi, hii bado inakwaruza."

"Haikwaruzi, kaka. Ni gitaa."

"Gitaa gani linalia hivyo? Mimi gitaa nalijua."

Akakunja mikono, ishara kwamba pesa haitoki. Sikubishana. Nikaweka dansi la zamani, gitaa la solo likatoka jeupe, kila uzi na mlio wake, kama vijiko vinavyogongana. Akasikiliza mpaka beti ya pili, akatoa pesa, akaondoka akiwa bado ananitazama vibaya.

Yule bwana alikuwa na sikio zuri. Alichokisikia ni kweli ni mkwaruzo. Mawimbi ya sauti yanapoingia kwenye amplifaya kwa nguvu kuliko inavyoweza kubeba, vilele vyake vinakatwa, vinakuwa bapa, na sauti inakuwa nene yenye meno. Kwetu mafundi huo ni ugonjwa, ndio unaounguza spika zinazoletwa kibandani kila Jumatatu baada ya harusi za Jumamosi. Wapiga gitaa wa roki waliuchukua ugonjwa huo wakaufanya kitoweo. Faida yake kubwa ni kwamba mlio haufi haraka: gitaa jeupe ukiligusa linalia na kuzima, hili la Bolin ukiligusa linaendelea kulia kama tarumbeta, na mpigaji anaweza kuukunja mlio huo akiwa ameushikilia. Jipe muda. Siku tatu za kwanza utasikia mkwaruzo. Baadaye utasikia mtu.

Haya, tuanze. Usianze na wimbo wa kwanza. Quadrant 4 ni mbio tangu sekunde za mwanzo, na msikilizaji mgeni anaachwa stendi. Anza na Stratus, ambao kwenye sahani ya santuri ulifungua upande wa pili. Na hata huo usiuanzie mwanzo. Kuna kama dakika tatu za fujo, drams zinabingirika na kinanda kinatoa milio kama redio inayotafuta stesheni usiku. Nzuri sana, lakini ni ya wenyeji. Ruka mpaka dakika ya tatu hivi, pale besi inaposhika mstari wake.

Mstari huo utaujua mara moja. Ni mfupi, unarudi, unarudi tena, haubadiliki kwa sababu mtu fulani amefurahi. Kundi la Uingereza, Massive Attack, walikata kipande cha hapo mwaka 1991 wakajengea wimbo wao, na sishangai: ni kama msingi uliomwagwa zege, yeyote anaweza kupandisha nyumba juu yake. Hapa ndipo utaelewa kwa nini Cobham alimchukua mtu wa kupiga nyuma ya waimbaji. Mpiga besi mwingine angetaka kuonyesha. Sklar anashikilia.

Sikiliza hapo mara ya kwanza kwa mguu wako tu. Usihesabu, kanyaga. Snea, ile ngoma ya mlio mkali mbele ya mpigaji, inapiga kwa uwazi kwenye mbili na kwenye nne, na ukishaiona snea, kiki utaikuta yenyewe katikati. Mpwa wangu alitaka kuhesabu, moja mbili tatu nne, akapotelea kwenye madoido. Nikamwambia aweke kiganja kwenye meza na asiitazame saa. Baada ya dakika moja kiganja kilikuwa kinagonga chenyewe.

Ukirudi mara ya pili, tafuta haihati, yale matoazi mawili yanayofungwa na kufunguliwa kwa mguu. Iko juu, upande wa sauti nyembamba, inakwenda mfululizo bila kupumua, kama mtu anayepepeta mchele. Sasa sikiliza kati ya snea moja kubwa na nyingine: kuna vipigo vidogo, vya chini chini, kama mtu anayegonga mlango asitake kuamsha watoto. Hivyo ndivyo vinavyoufanya mwendo utembee. Ondoa vile na utabaki na mashine. Huku kibandani ninapopima kama spika mpya ni nzuri, vipigo hivyo ndivyo ninavyovitafuta. Spika mbovu inavimeza.

Kuna jambo la mikono ambalo huwezi kulisikia moja kwa moja lakini ukilijua utasikia matokeo yake. Wapiga drams wengi wanaotumia mkono wa kulia huuvusha mkono huo juu ya wa kushoto ili kufikia haihati. Cobham anaipiga haihati kwa kushoto, mikono haikatizani, na wa kulia unabaki huru kuzunguka kwenye ngoma na matoazi. Mimi niliyepiga tumba najua thamani ya mkono mtupu.

Zoezi lenyewe, ambalo ndilo moyo wa maelekezo haya, ni hili. Cheza Stratus kuanzia pale pale, fumba macho, na kila unapohisi kitu kinataka kubadilika, gitaa linaingia, linatoka, kinanda kinapokea, mwendo unavimba, inua mkono. Usisubiri kibadilike. Inua pale unapohisi kinakuja. Halafu rudisha nyuma sekunde tano ujiulize: nani aliniambia?

Nilimfanyisha mpwa wangu zoezi hili kibandani, mimi nimeshika spana, yeye hedifoni masikioni, nami nasikia kwa spika ndogo. Raundi ya kwanza aliinua mkono kila gitaa lilipofanya jambo. Alikuwa anachelewa, kama mtu anayepiga makofi baada ya wenzake. Raundi ya pili vilevile. Raundi ya tatu, katikati ya solo ya Bolin, mkono ukapanda mapema. Macho yakafumbuka.

"Kuna kitu amekigonga," akasema.

"Wapi?"

"Pale kabla. Kama anashuka ngazi."

Ndiyo hivyo. Cobham anaviringisha mikono kwenye vile vingoma vya juu kuelekea vya chini, na mwisho wa mviringo huo sentensi ya gitaa inakamilika, au inalazimika kukamilika. Ukishaisikia mara moja huwezi kuacha kuisikia. Gitaa likipanda, drams zinajaa chini yake kama maji yanayoinua mtumbwi. Na kuna mahali unaona wazi kwamba gitaa limepanda kwa sababu maji yamepanda. Tulirudia sehemu hiyo mara sita, mteja wa pasi akasubiri nje.

Mtu wa huku ana mtaji katika hili asioujua. Kama umewahi kwenda Bujora, Kisesa, kwenye sherehe za Bulabo mwezi Juni, umeziona ngoma za Kisukuma zikishindana, Bagika na Bagalu, kila upande unavuta watu kwa ufundi wake, na umati unahama. Hakuna anayesimama pale akauliza ngoma inasindikiza nini. Ngoma ndiyo habari. Lipeleke sikio hilo kwenye Spectrum. Kuna vipande viwili vifupi ambavyo ni drams zenyewe, Searching for the Right Door na Anxiety, kila kimoja kimewekwa kama mlango wa wimbo unaofuata. Wengi wanaviruka kwa sababu wanaona ni mtu anajipasha moto. Usiviruke. Sikiliza kipi kinapanda na kipi kinashuka, wapi amenyamaza. Ngoma zake zimekazwa kwa sauti tofauti, kwa hiyo zina juu na chini kama maneno.

Baada ya Stratus nenda Red Baron, ndio wa mwisho kwenye albamu. Huu ni mtaratibu, unatembea kwa madaha kama mtu aliyelipwa leo, na kwa mpenzi wa dansi ndio wenye kufunguka upesi. Mbele yake kuna dakika moja hivi ya kinanda peke yake, Snoopy's Search. Ivumilie.

Ndipo urudi Quadrant 4, ukiwa na miguu. Na nasema miguu kwa maana yake: Cobham ana kiki mbili, mguu kwa kila moja, na hapa miguu inakimbia mfululizo kwa ule mwendo wa kuruka ruka, kama fundi cherehani anayewahi nguo za sikukuu. Juu yake gitaa na kinanda vinafukuzana, na hapo ndipo wengi wanaposhikwa, maana Hammer anakifanya kinanda chake cha umeme, Moog, kilie kama gitaa. Anakunja sauti kama uzi unaovutwa. Mpwa wangu alisifia solo moja kwa dakika nzima, akanionyesha kwa vidole namna Bolin alivyoipiga. Ilikuwa ya Hammer.

Kuwatofautisha, angalia mwanzo wa kila mlio. Gitaa linaguswa na kipande cha plastiki, kwa hiyo kuna mkwaruzo mdogo, chap, kabla ya sauti kujaa. Kinanda kinaanza laini, au kwa kukata, lakini bila kucha. Dalili ya pili ni ya uhakika zaidi: Moog ya aina ile ilitoa mlio mmoja tu kwa wakati, hata ukibonyeza vidole vitano. Ukisikia nyuzi mbili zikilia pamoja na kugombana, huyo ni Bolin. Dalili ya tatu ni mwangwi. Bolin alipenda kifaa kiitwacho Echoplex, na mimi kama fundi wa kaseti nakipenda bila kukiona, kwa sababu ndani yake ni deki tu: kuna utepe unaozunguka, kichwa kimoja kinaandika sauti, kingine kinaisoma kitambo kifupi sana baadaye. Kwa hiyo sauti ya gitaa ina mkia. Ikikatika ghafla unasikia vivuli vyake vikiondoka kimoja kimoja.

Utepe unanikumbusha nilivyoipata albamu hii. Mteja aliniletea deki kwa matengenezo miaka hiyo, hakurudi kuichukua, na ndani kulikuwa na kaseti isiyo na jina. Niliisikiliza miaka mingi bila kujua ni ya nani. Mkanda wa mpira wa deki ulikuwa umelegea, nami sikuujali kwa kuwa deki haikuwa ya mteja anayedai, kwa hiyo kila kitu kilikuwa kizito na cha polepole kuliko kilivyorekodiwa. Utepe ulikatika mara moja katikati ya Stratus, nikauunga kwa selotepu, na mpaka leo nikifika hapo kwenye faili safi nangoja uruke. Siku kijana mmoja aliponisogezea simu yake karibu na spika, programu ikataja jina, nikaenda kuutafuta muziki wenyewe, nikashtuka: walikuwa na haraka kuliko nilivyowafahamu. Niliona kama mtu aliyekutana na rafiki wa barua akakuta ana sauti nyembamba.

Nyimbo zilizobaki nitazipitia haraka. Spectrum wenyewe na Le Lis zina bendi iliyoongezeka: Joe Farrell anapuliza, Jimmy Owens yuko kwenye tarumbeta, Ron Carter anapiga besi lile kubwa la mbao la kusimama, na Ray Barretto anapiga tumba. Naam, tumba. Mimi huzisikiliza hizo kwa sababu za kiukoo, na nitakuambia ukweli kwamba kama si Barretto, Le Lis ningeiruka mara nyingi, ni laini mno kwa ladha yangu. Mke wangu anasema ndio wimbo pekee wa albamu hii ambao mtu mwenye akili anaweza kula chakula akiusikiliza. Taurian Matador uweke baada ya Quadrant 4, ukiwa bado una pumzi.

Video usitazame mpaka umefika hapa. Ukimwona Cobham akipiga, macho yanafanya kazi ya masikio, unashangilia mikono. Sikiliza kwanza wiki mbili.

Halafu, ukishaweza kuinua mkono kwa wakati, sikiliza albamu yote kwa mpangilio wake, toka mwanzo mpaka mwisho, bila kuruka. Mpwa wangu alifanya hivyo usiku mmoja wa Februari umeme ukiwa umekatika, kwa simu iliyobaki asilimia 30. Jumapili iliyofuata nilikwenda kanisani kwao kurekebisha spika ya kulia iliyokuwa inavuma. Nilimwona jukwaani amesogea. Zamani alikuwa akisimama mbele karibu na waimbaji. Safari hii alisimama ubavuni mwa mpiga drams, mgongo umegeukia waumini nusu, anamtazama mguu.

Akija mtu na kuniuliza aende wapi baada ya hapo, namtuma kwa Tony Williams, mpiga drams mwingine, ambaye alianza kupiga na mpiga tarumbeta Miles Davis mwaka 1963 akiwa na miaka 17, halafu akaunda bendi yake mwenyewe, Lifetime. Kuna Believe It ya mwaka 1975, gitaa la Allan Holdsworth, ambaye mlio wake unateleza kama sabuni. Kuna na Emergency! ya mwaka 1969, gitaa la John McLaughlin na ogani ya Larry Young, kali kuliko yote niliyoitaja. Ila hiyo sauti yake imechafuka tangu ilivyorekodiwa, huko huko kwao. Ukisikia inakwaruza, usiniletee spika.